Dawa Inapobandua Ngozi

Madhara mengi ya dawa juu ya ngozi ni mepesi: mtu hutokwa na vipele, huwashwa kwa siku chache, na mambo huisha dawa inapoachwa, pengine hata kabla haijaachwa. Sura hii inahusu kundi dogo la madhara yasiyo mepesi, ambayo ndani ya siku chache humwondolea mgonjwa tabaka la juu la ngozi, humfunga macho na kinywa, na huweza kumuua. Yanaelezwa hapa kama yalivyojitokeza Afrika ya Mashariki, Kigali ikiwa ndipo mahali pa kuyatazamia, kwa sababu katika eneo hili historia ya madhara hayo haitenganishiki na historia ya kifua kikuu, malaria na UKIMWI, wala na dawa za bei nafuu ambazo serikali ziliwagawia mamilioni ya watu ili kuyakabili magonjwa hayo matatu.

Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za wavulana wawili waliopatwa na homa, vidonda vya kinywani, macho yenye usaha na mabaka mwilini, na ugonjwa huo ukabaki na majina yao. Mwaka 1956 Alan Lyell, daktari wa ngozi wa Uskoti, aliwaeleza wagonjwa wanne ambao ngozi yao ilibanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akaupa ugonjwa huo jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuandikwa nekrolisisi ya epidermi, yaani kufa na kubanduka kwa epidermi, lile tabaka la juu la ngozi. Kwa miaka mingi magonjwa haya mawili yalifundishwa kana kwamba hayahusiani, hadi mwaka 1993 kundi la wataalamu wa nchi kadhaa lilipopendekeza yatazamwe kuwa viwango tofauti vya jambo moja: eneo lililobanduka likiwa chini ya asilimia 10 ya ngozi yote huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, likizidi asilimia 30 huitwa nekrolisisi ya epidermi, na baina ya viwango hivyo mgonjwa huhesabiwa kuwa na yote mawili. Mhudumu asiye na chombo chochote hupima eneo hilo kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni takriban asilimia 1 ya ngozi ya mwili. Katika kiwango cha chini hufa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi au pungufu ya hapo. Katika kiwango cha juu hufa takriban mmoja kati ya watatu, na pasipo na uangalizi mzuri hufa wengi zaidi.

Chanzo chake si kuzidisha kipimo, kwa maana mgonjwa anaweza kuwa amemeza vidonge vyake sawasawa kama alivyoandikiwa. Wala si ule mzio wa ghafla wa penisilini, ambao humkaba mtu pumzi dakika chache baada ya sindano. Wahusika ni seli za T, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ya kila siku ni kuziua seli zilizovamiwa na virusi. Juu ya karibu kila seli ya mwili zimo molekuli ziitwazo HLA, ambazo kila mtu hurithi aina zake kutoka kwa wazazi, na ambazo huzionyesha seli za T yaliyomo ndani ya seli; kwa watu wachache, dawa au mabaki yake baada ya kuvunjwa na ini hujibandika kwenye molekuli hizo, na seli za T huiona ngozi ya mwenyewe kuwa imevamiwa, zikaongezeka na kuishambulia. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba silaha kubwa katika shambulio hilo ni protini iitwayo granulisini, waliyoikuta kwa wingi katika maji ya malengelenge ya wagonjwa. Kwa kuwa seli hizo huhitaji muda wa kuongezeka, ugonjwa kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ilipoanza kutumiwa, na suala hilo la muda, kama itakavyoonekana mbele, ndilo linalowapoteza wagonjwa na waganga vilevile.

Kuna mmenyuko mwingine mkali, unaojulikana kwa kifupi chake cha DRESS, ambao huchelewa zaidi, kati ya wiki ya 2 na ya 8, na ambao hatari yake haiko sana juu ya ngozi bali ndani: uso huvimba, tezi huvimba, chembe za damu ziitwazo eosinofili huongezeka, na ini huweza kuharibika kabisa huku vipele vikionekana vya kawaida. Kuna pia doa la dawa, baka la mviringo lenye rangi ya kijivu au zambarau ambalo hurudi mahali palepale kila dawa ileile inapomezwa, mara nyingi mdomoni au sehemu za siri, na ambalo kwa wengi limechukuliwa kuwa ugonjwa wa zinaa na kuleta mashaka katika ndoa pasipo sababu. Doa hilo kwa kawaida si la hatari, ila linasema wazi kwamba mwili wa mtu huyo hauelewani na dawa hiyo.

Dawa zinazojulikana duniani kuleta madhara haya makali ni chache kuliko watu wanavyodhani. Zinazotajwa zaidi ni dawa za jamii ya salfa, dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitali, kabamazepini na lamotrijini, alopurinoli inayotumiwa kwa jongo, nevirapini, na baadhi ya dawa za maumivu kama piroksikamu na meloksikamu. Afrika ya Mashariki orodha hiyo ilikuwa na nyongeza moja, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyofundisha jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikuwa vimelifundisha.

Thiasetazoni ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1940, kazi ya Gerhard Domagk, mtu yuleyule aliyekuwa amegundua dawa ya kwanza ya jamii ya salfa na kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939. Hivyo familia mbili za dawa zilizoiumiza zaidi ngozi ya watu wa eneo hili zilipitia mikononi mwa mwanasayansi mmoja, ambaye kwa upande mwingine kazi yake iliokoa maisha yasiyohesabika. Katika miaka ya 1950 kifua kikuu kilitibiwa kwa isoniazidi pamoja na dawa nyingine ya kuisindikiza ili vimelea visijenge usugu, na dawa ya kawaida ya kusindikiza, iliyojulikana kwa kifupi kama PAS, ilikuwa ghali, ikimezwa kwa gramu nyingi kila siku na kuharibika upesi kwenye joto. Watafiti wa Afrika Mashariki na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walifanya majaribio mfululizo katika hospitali za eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, wakaonyesha kwamba thiasetazoni, iliyokuwa rahisi mno kwa bei, ingeweza kuchukua nafasi hiyo, na ikawezekana kuunganisha dawa zote mbili katika kidonge kimoja cha kila siku. Uchunguzi wa nchi nyingi uliofuata ulionyesha kwamba madhara ya dawa hiyo yalitofautiana sana kutoka nchi moja hadi nyingine, na kwamba wagonjwa wa Afrika Mashariki waliivumilia vizuri kuliko wengine wengi. Kwa msingi huo ikawa nguzo ya tiba ya kifua kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na uamuzi huo, kwa ushahidi uliokuwapo, ulikuwa wa haki.

Katika miaka ya 1980 dawa ilikuwa ileile na watu walikuwa walewale, lakini kinga ya miili yao ilikuwa imebadilika. Wagonjwa wa kifua kikuu walianza kurudi kliniki wakiwa wamebabuka, na mwaka 1991 Paul Nunn na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Nairobi walichapisha katika jarida la Lancet hesabu iliyowashtua wengi: miongoni mwa wagonjwa wenye VVU waliotibiwa kwa thiasetazoni, takriban mmoja kati ya watano alipata mmenyuko wa ngozi, ilhali miongoni mwa wasio na VVU ilikuwa takriban mmoja kati ya mia, na wako waliokufa kwa kubanduka ngozi. Jaribio la Kampala lililochapishwa mwaka 1994 na utafiti wa Tanzania wa mwaka uliofuata vilielekea upande huohuo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limekwisha kuonya kwamba mtu mwenye VVU, au anayeshukiwa kuwa nayo, asipewe dawa hiyo, lakini kuonya kulikuwa kwepesi kuliko kutekeleza, kwa sababu dawa za kuchukua nafasi ya thiasetazoni ziligharimu zaidi na vipimo vya VVU havikuwa kila mahali. Wasimamizi wa mipango ya kifua kikuu walibaki na njia tatu, kila moja na uchungu wake: kuwabadilishia dawa wagonjwa wote na kubeba gharama, kuwapima VVU kwanza katika zama ambazo jibu lilikuwa karibu hukumu, au kuendelea kuitoa huku wakimwagiza kila mgonjwa aiache mara tu mwili unapoanza kuwasha. Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi, na ndiyo iliyomwachia mgonjwa mzigo wote.

Kilichofundishwa Nairobi ni kwamba usalama wa dawa haukai ndani ya kidonge peke yake. Virusi vya UKIMWI hupunguza zile seli za kinga zinazozizuia seli za T zinazoua zisivuke mpaka, huuacha mwili na upungufu wa viini vinavyosafisha mabaki ya dawa yenye sumu, na matokeo yake ni kwamba mtu mwenye VVU hukabiliwa na hatari ya ugonjwa wa Stevens-Johnson mara mia moja au zaidi kuliko mtu asiye nayo. Katika watu kwa jumla ugonjwa huo huwapata wachache tu kati ya kila milioni moja kwa mwaka. Daktari wa Ulaya anaweza kustaafu akiwa amewaona wagonjwa wawili au watatu; aliyefanya kazi katika hospitali kubwa ya eneo hili katika miaka ya 1990 alikuwa na uzoefu mwingine kabisa.

Dawa za malaria zilikuwa na hadithi yao. Sulfadoksini pamoja na pirimethamini, iliyofahamika zaidi kwa jina la biashara la Fansidar, ilitumiwa na wasafiri wa Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama kinga ya kila wiki, na maofisa wa afya wa nchi yao walipohesabu vifo vilivyotokana na ngozi walikadiria kimoja katika kila watumiaji 11,000 hadi 25,000, kiwango kisichovumilika kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kuutembelea mwambao au mbuga. Kwa anayeugua malaria hesabu ni nyingine, kwa kuwa humeza dozi moja tu na ugonjwa wenyewe unaweza kumuua kesho. Ndiyo maana, klorokwini iliposhindwa, Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001 ziliiweka dawa hiyo mstari wa mbele, na Rwanda mwaka 2001 ikaitumia pamoja na amodiakwini mpaka 2006 ilipohamia kwenye mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ambao watu wengi wanauita Coartem. Hata hivyo sulfadoksini ina tabia mbaya kwa mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuanza kuwaka: hukaa katika damu kwa majuma, nusu yake ikitoka baada ya takriban siku nane, kwa hiyo kuiacha hakuiondoi mwilini. Hofu ya salfa iliyobaki katika familia nyingi za eneo hili haikuzuka hewani, ingawa mara nyingi imetiwa chumvi.

Kigali ina nafasi yake katika historia hii kwa sababu ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Afrika ambako UKIMWI ulielezwa kitaalamu. Mwezi Julai 1984 Philippe Van de Perre na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 26 walioonekana mjini humo mwaka uliotangulia, na mwishoni mwa mwaka 1986 Rwanda ilifanya uchunguzi wa damu wa nchi nzima, ambao nchi nyingine nyingi hazikuthubutu kuufanya wakati huo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo yaliua na kutawanya pia watumishi wa afya, nchi ilijenga upya huduma zake, na tangu katikati ya miaka ya 2000 dawa za kufubaza VVU zilianza kuwafikia watu wengi bila malipo. Dawa mbili zilizokuja pamoja na mafanikio hayo ndizo zilizokuwa na hatari kubwa kwa ngozi. Ya kwanza ni kotrimoksazoli, ambayo Kigali huitwa Bactrim na kwingineko Septrin, dawa ya salfa iliyotolewa kila siku kuwakinga wenye VVU dhidi ya nimonia, malaria na maambukizi mengine. Jaribio lililofanywa Zambia kwa watoto wenye VVU na kuchapishwa mwaka 2004 lilionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa asilimia 43, na mtu akiiweka faida hiyo kwenye mizani hawezi kusema ingepaswa kunyimwa watu kwa ajili ya wachache walioumia.

Ya pili ni nevirapini. Utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 1999 uliipa sifa ulimwenguni, kwa kuwa dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto mchanga ilipunguza sana maambukizi wakati wa kujifungua, na dozi hizo chache hazikuleta shida ya ngozi iliyokuja kuonekana baadaye. Ilipoingizwa katika vidonge vya pamoja vya kila siku mambo yalibadilika: vipele vya kawaida viliwapata wengi, na sehemu ndogo, chini ya mmoja kati ya mia, walipata ugonjwa wa Stevens-Johnson, wanawake wakiwa hatarini zaidi ya wanaume, hasa wale ambao kinga yao ilikuwa bado nzuri. Kwa sababu hiyo mgonjwa alipaswa kuanza kwa kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa siku kwa siku 14, ndipo apande hadi viwili, utaratibu ambao ulitaka maelezo marefu, pakiti mbili tofauti na mtu wa kumfuatilia mgonjwa katika wiki hizo mbili. WHO ilipopendekeza efavirenzi mwaka 2013, na kisha dolutegraviri kuwa dawa ya kwanza mwaka 2019, hatari hiyo ilipungua sana, na leo daktari kijana wa Kigali huenda akamaliza mafunzo bila kumwona mgonjwa aliyebabuka kwa nevirapini. Ni heri kubwa, lakini ina athari yake: ujuzi wa kuutambua ugonjwa mapema hupotea pamoja na wagonjwa, ilhali Bactrim na dawa za kifafa zingali madukani na katika zahanati zote.

Kuutambua mapema ndiko kugumu. Kwa siku moja hadi tatu mgonjwa huwa na homa, koo linalouma, macho yanayochoma na uchovu, mambo ambayo katika mji wowote wa eneo hili humpeleka mtu kutafuta dawa ya mafua au ya malaria. Anaandikiwa amoksisilini au parasetamoli. Kesho yake ngozi inatoa mabaka, na lawama yote inaiangukia dawa ya jana, huku ile iliyoanzishwa wiki tatu zilizopita, ambayo ndiyo yenye kosa, ikiendelea kumezwa kila asubuhi. Kosa hili hufanywa na watu makini, na madhara yake ni mawili: dawa isiyo na hatia huandikwa katika kumbukumbu za mgonjwa kwa maisha yake yote, na iliyo na hatia huendelea kumuua. Swali la kumuuliza mgonjwa wa namna hii ni kila alichomeza katika wiki nane zilizopita, zikiwamo dawa za kuazima kwa jirani, za duka la dawa na za mitishamba.

Kisha kuna rangi. Vitabu vingi vya tiba vinasema ngozi huwa nyekundu, na picha zake ni za watu weupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, bali huonekana mabaka yenye rangi ya zambarau au ya majivu, au weusi uliozidi weusi, na mara nyingi ngozi huuma sana kabla haijaonyesha chochote, maumivu ambayo hayalingani na kinachoonekana. Maumivu hayo ni dalili ya kuaminika kuliko rangi. Vivyo hivyo vidonda vya kinywani, macho mekundu na maumivu wakati wa kukojoa, vikija pamoja, vinapaswa kumshtua mhudumu hata kama ngozi bado ni nzima. Na ngozi inayoteleza na kubanduka inaposukumwa kwa kidole, ishara iliyopewa jina la Nikolsky, daktari wa ngozi wa Kiev, inaonyesha kwamba muda umekwisha kupotea. Mwaka 2024 Kigali ilikabiliwa na mpox na kisha, kuanzia tarehe 27 Septemba, na mlipuko wa virusi vya Marburg, na katika miezi ya namna hiyo mtu mwenye homa, macho mekundu na upele hutengwa kwanza, jambo lililo sahihi. Lakini orodha ya dawa zake iulizwe hata akiwa ametengwa, kwa sababu kuuliza hakumwambukizi mtu.

Kituo cha rufaa hakina dawa ya miujiza ya ugonjwa huu. Steroidi, siklosporini na dawa nyingine za kutuliza kinga zimejaribiwa kwa miaka mingi na wataalamu wangali wakibishana juu yake, ila hakuna anayebishana juu ya hatua ya kwanza, ambayo ni kuiacha dawa inayoshukiwa siku hiyohiyo. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila siku ya kuwahi kuacha dawa zinazotoka mwilini upesi ilipunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 30. Kinachobaki ni uuguzi, na uuguzi huo ni mzito: maji ya dripu yanayopimwa kwa mkojo unaotoka, chakula kupitia mrija wa puani wakati kinywa hakifunguki, shashi zilizopakwa vaselini zisizoshikamana na kidonda, mikono safi ya kila anayemgusa, na dawa za maumivu zisizobaniwa. Chumba kinapaswa kuwa na joto la nyuzi 30 hivi, kwa kuwa mtu asiye na epidermi hupoteza joto kama anavyopoteza maji, na Kigali, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Hospitali iliyo katika joto la Mombasa au Dar es Salaam ina wasiwasi mmoja pungufu. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, ina wodi ya majeraha ya moto, na wauguzi waliozoea kumhudumia mtu aliyeungua tayari wana sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika hapa.

Njia ya kumfikisha huko huanzia chini sana. Katika kila mudugudu, yaani kitongoji, wapo wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa na wakazi wenyewe, abajyanama b'ubuzima, ambao hutibu malaria na kuhara. Juu yao kuna kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya kama Muhima, kisha hospitali za rufaa, na kadi ya bima ya afya ya jamii hudai ngazi hizo zifuatwe. Kwa magonjwa mengi mpangilio huo ni wa busara. Kwa mtu ambaye ngozi yake imeanza kubanduka, kila ngazi anayosimama ni saa zinazopotea, na hapa ndipo mhudumu wa ngazi ya chini anapoweza kuokoa maisha kuliko profesa wa ngazi ya juu, kwa kumwambia tu mgonjwa aache vidonge na kuagiza gari la wagonjwa. Eneo hili lina chuo kilichowaza hivyo mapema: mwaka 1992 ilianzishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, shule ya kikanda ya magonjwa ya ngozi, inayowafunza maofisa tabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika ili maarifa ya ngozi yawafikie watu kule ambako daktari bingwa hayupo.

Wengi wanaopona ngozi hubaki na macho. Ngozi huota upya katika wiki tatu hivi, ingawa madoa yake meusi na meupe hukaa miaka, na katika jamii inayomtazama mtu kwa uso wake huo si mzigo mdogo. Lakini utando wa jicho ukipona vibaya, kope hushikamana na mboni, nywele za kope hugeukia ndani na kuikwaruza konea siku nzima, machozi hukauka, na mtu aliyenusurika kifo anaanza kupofuka polepole nyumbani bila mtu kujua. Kinga yake ipo katika siku za kwanza wodini, wakati daktari wa macho anapopaswa kuitwa kila siku kusafisha na kulainisha macho na kuutenganisha utando unaogandamana, wala si miezi sita baadaye katika kliniki ya hospitali ya macho ya Kabgayi, wilayani Muhanga, ambako anaweza kusaidiwa lakini si kurudishiwa kila kitu.

Je, inawezekana kumjua mtu aliye hatarini kabla hajameza kidonge? Kwa baadhi ya watu inawezekana. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba wagonjwa wote 44 waliobabuka kwa kabamazepini walikuwa na aina moja ya molekuli ya HLA, iitwayo B*15:02, na leo nchi kadhaa za Asia hupima aina hiyo kabla ya kuitoa dawa. Kipimo hicho kina faida ndogo kwa mgonjwa wa kifafa anayetibiwa katika hospitali ya Ndera, Kigali, kwa kuwa aina hiyo ni adimu miongoni mwa Waafrika. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2013 ulipata aina nyingine, C*04:01, inayoandamana na ugonjwa wa Stevens-Johnson kwa wanaotumia nevirapini, lakini wengi wanaoibeba huimeza dawa hiyo bila shida, kwa hiyo haiwezi kuamua peke yake. Waafrika wana tofauti nyingi za kurithi kuliko watu wa bara lingine lolote, na bado utafiti mwingi wa aina hii umefanywa kwingine. Hilo ni deni ambalo vyuo vikuu vya eneo hili, Chuo Kikuu cha Rwanda kikiwamo, vina haki na sababu ya kulidai.

Mpaka deni hilo lilipwe, ulinzi uliopo ni kumbukumbu. Mtu aliyebabuka kwa dawa fulani asiipewe tena maisha yake yote, kwa kuwa mara ya pili huja upesi na kwa ukali zaidi, na anapaswa kuzijua hata dawa za jamii moja: fenitoini, fenobabitali na kabamazepini zinafanana kiasi kwamba aliyeumizwa na moja anaweza kuumizwa na nyingine. Kadi yenye jina la dawa, lililoandikwa kwa jina lake la kitaalamu kwa sababu majina ya biashara hubadilika mpakani, ina thamani kubwa kwa mtu anayeishi Kigali, mwenye ndugu Goma na biashara Kampala. Upande wa taifa, Tanzania ilijiunga na mpango wa WHO wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 1993, Uganda 2007, Kenya 2010 na Rwanda 2013, na taarifa zao hukusanywa Uppsala, Uswidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ilitambuliwa na WHO mwezi Desemba 2024 kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, ngazi ya mamlaka zinazofanya kazi kwa utaratibu thabiti. Taarifa inayokubalika huhitaji mambo manne tu: mgonjwa anayeweza kutambulishwa, dawa inayoshukiwa, kilichotokea, na mtu anayetoa habari. Hesabu ya Nairobi ya mwaka 1991 ilitoka katika mambo hayohayo manne, yaliyoandikwa na watu waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wao wa kila siku, na ni sehemu ya pili, jina la dawa, inayokosekana mara nyingi zaidi, pale mgonjwa anapofika hospitalini bila pakiti, akisema tu kwamba alipewa vidonge vyeupe.